Msitu Uliopigwa Picha Bila Nguo

Chumba namba kumi na moja cha idara ya ramani kina meza ya kioo ambayo kwa miaka watu waliiwekea vikombe vya chai, na wengi wao hawakujua kwamba ndani yake mna taa. Aliyejua ni mwanamke mmoja wa miaka hamsini na tisa, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni. Aliiinamia meza hiyo miaka kumi na minne kabla kompyuta ya kwanza haijapandishwa ngazi na watu wanne. Mgongo wake bado unaikumbuka.

Anaitwa Kiraka. Jina lake la kwenye faili hulitumia karani wa masjala peke yake, na hata yeye hulisoma kwanza ndipo alitamke.

Jina la Kiraka hakupewa kwa heshima. Alipoingia idarani akiwa na miaka ishirini na mmoja, kazi yake ya kwanza ilikuwa kuziponya ramani zilizochanika: kuzipaka gundi mgongoni, kuzibandika kitambaa cheupe cha pamba, kuzilaza chini ya ubao mzito mpaka zikauke. Wachoraji, wote wanaume, wote na kalamu za wino zimepangwa mifukoni kama nishani, walikuwa wakiita kutoka meza za mbele, "Kiraka, njoo, mgonjwa wako mwingine huyu," halafu wanacheka. Yeye alikuwa akija, anamchukua mgonjwa, na kesho yake anamrudisha mzima.

Neno hilo halikumuuma kwa sababu lilikuwa la nyumbani. Mama yake alikuwa fundi cherehani, na kwa miaka arobaini alishona barazani mwa nyumba yao bila kumsifu mteja, mtoto wala mkono wake mwenyewe. Nguo ikitoka safi kabisa, isiyo na hata uzi wa kulaumiwa, alikuwa akisema, "Inavalika." Zaidi ya hapo hakupanda. Na kuhusu viraka alikuwa na sheria moja: kiraka kizuri ni kile ambacho hukijui mpaka uambiwe kipo. Binti yake alijaribu kushona pindo akiwa na miaka kumi na mitano. Mama alilinyanyua kwenye mwanga, akalitazama, akalishusha.

"Huu si mshono," alisema, "hii ni njia ya nyoka. Mwanangu, wewe tafuta kazi ya kukaa ofisini."

Hivyo ndivyo idara ya ramani ilivyompata. Cherehani ilimkataa.

*

Kazi yenyewe, ukiivua majina yake makubwa, si ngumu kueleza. Kanda ya kiikolojia ni eneo ambalo mvua yake, joto lake, mwinuko wake, udongo wake na mimea yake vimekubaliana kuishi pamoja. Ukitaka kuichora, unachukua karatasi tano zinazopitisha mwanga, kila moja na habari yake, unazipanga moja juu ya nyingine kwenye meza ya taa, unatazama mistari inakokaribiana, na hapo unapitisha mpaka. Kiraka alipoacha kuponya ramani na kuanza kuzichora, alifanya hivyo kwa kalamu ya wino na wembe wa kukwangulia makosa. Kompyuta zilipofika, wachoraji wanne walistaafu mapema kuliko kugusa kipanya. Kiraka alikigusa siku ya kwanza. Alichokiona kwenye skrini ni tabaka zilezile tano, ila sasa hazipeperuki mtu akipiga chafya.

Kulikuwa na jambo jingine alilolijua, ambalo halikuwemo kwenye tabaka yoyote. Mwaka wake wa nne kazini alitumwa porini miezi mitatu, upande wa magharibi, kuandika majina ya miti huku timu ikitembea na kulinganisha picha zilizopigwa kutoka kwenye ndege na ardhi yenyewe. Walifika mwishoni mwa kiangazi. Msitu ulikuwa mweupe kama mifupa, nyasi zimeungua, hakuna jani. Kiraka aliandika katika daftari lake la jalada gumu neno moja: "Umekufa." Wiki sita baadaye mvua ikanyesha na msitu ukavaa. Mininga, miombo, vichaka ambavyo hakuna aliyejua vilikuwa hai, vyote vikatoa majani siku chache mfululizo, na mizinga ya magogo iliyoning'inia mitini kama mizigo iliyosahauliwa ikaanza kuvuma nyuki. Alilikata lile neno kwa mstari mmoja, akaandika pembeni: "Nisamehewe."

Daftari hilo lilikuwa kwenye droo yake siku Daktari alipomletea ramani.

*

Daktari hakuwa daktari wa sindano. Alikuwa na miaka thelathini na minne, shahada tatu, na mwendo wa mtu aliyeacha maziwa jikoni. Alikuwa amesomea nchi za mbali namna ya kuifundisha kompyuta kusoma picha za setilaiti, na katika miaka miwili idarani alikuwa ametengeneza peke yake kitu ambacho zamani kingehitaji watu ishirini: ramani mpya ya kanda zote za kiikolojia za nchi nzima. Ilibaki kutiwa rangi, kuandikwa herufi na kupangiwa ufunguo wake pembeni. Kazi hiyo ya mwisho ilikuwa ya Kiraka. Alikuwa amebakiza miezi mitatu astaafu, na kila mtu aliona ni zawadi nzuri ya kuagia.

Alifungua faili asubuhi, akapitisha macho kaskazini, mashariki, kusini, akafika magharibi. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni, akaivaa tena.

"Daktari, baba, njoo kidogo."

Daktari akaja.

"Msitu wangu mmeupeleka wapi?"

"Msitu upi, mama?"

"Huu." Aliweka kidole kwenye skrini, juu ya bonge la rangi ya kahawia lenye ukubwa wa kiganja. "Kanda ya Saba."

"Hapo si msitu. Ni ardhi iliyochakaa. Nyasi zilizoungua, udongo mtupu, mti mmoja mmoja."

"Nani kasema?"

"Picha."

"Za mwezi gani?"

"Wa nane. Ndio mwezi usio na mawingu. Miaka sita, zote za mwezi wa nane."

Kiraka akaguna. "Mwanangu, ukimpiga mtu picha anaoga, utaandika kwenye kitambulisho chake kwamba hana nguo?"

Watu wawili wa meza ya jirani wakaangua kicheko. Daktari naye akacheka, kicheko cha meno tu.

"Najua kuna miti inayopukutisha majani, mama. Ndiyo maana tulipeleka timu ikahakiki kwa macho. Nukta mia na ishirini za kukagua ardhini. Usahihi ni asilimia tisini na mbili. Picha inaweza kudanganya, miguu haidanganyi."

"Miguu ya nani?" aliuliza Kiraka, lakini Daktari alikuwa ameshafika mlangoni.

Jambo lenyewe halikuwa la kubishania rangi. Ramani ya namna hii ikishatiwa saini hudumu miaka kumi, na safari hii ilikuwa na meno: kila kanda iliyoandikwa "ardhi iliyochakaa" ingefunguliwa kwa matrekta, ing'olewe visiki, igeuzwe mashamba makubwa, bila mtu yeyote kuulizwa tena. Kamati ya kutia saini ilikuwa inakutana baada ya siku ishirini na tatu. Siku hiyo msitu wa Kanda ya Saba ungekuwepo kwenye ramani, au usingekuwepo popote.

*

Idara ilikuwa na dereva aliyeitwa Breki, kwa kuwa hakupenda kuzitumia. Kiraka alimkuta uani akiosha gari.

"Breki, ile safari ya Kanda ya Saba, mlishuka mara ngapi?"

"Kushuka garini?"

"Hapana, kushuka kwenye punda."

Breki akakamua kitambaa taratibu. "Mama Kiraka, unanitafutia kesi."

"Nakutafutia pepo. Sema kweli."

"Mara mbili. Mara moja ilikuwa kwa haja ndogo."

"Kwa nini?"

"Mbung'o, mama. Wa kule si wadudu, ni mafundi. Anakushona shati na ngozi kwa sindano moja. Wataalamu walifunga vioo, wakawa wanasoma mahali walipo kwenye jipiesi na kuandika wanachokiona dirishani. Mimi naendesha, wao wanaandika. Nukta mia na ishirini kwa siku mbili, hata mimi nilishangaa."

"Na dirishani mliona nini?"

"Matanuri ya mkaa. Visiki. Mashamba yaliyoachwa. Pembezoni mwa barabara kuna nini kingine?"

Kiraka alirudi chumba namba kumi na moja akipanda ngazi moja moja, maana magoti yake yalikuwa na maoni yao kuhusu ngazi. Alifungua tabaka ya barabara. Akafungua tabaka ya nukta. Akazipandisha moja juu ya nyingine, kama alivyofanya maisha yake yote. Nukta zote mia na ishirini zilikaa juu ya barabara kama shanga kwenye uzi. Ndani ya msitu, huko ambako gari haliendi, hapakuwa na hata moja.

Daktari aliitazama ile picha muda mrefu. Hakubisha. Kiraka alianza kumpenda hapo, kwa vile alijua kunyamaza.

"Nimeifundisha kompyuta kwa nukta za barabarani," alisema mwishowe, "halafu nikaitungia mtihani wa barabara. Lazima ingefaulu."

"Ni mwanafunzi mzuri. Mwalimu ndiye hakushuka garini."

"Sikuwemo garini, mama."

"Ndiyo hasa."

Daktari akajikuna kidevu. "Lakini hata tukienda kutembea, picha ni zilezile. Za masika zote zina mawingu. Nimeiagiza kompyuta itupe picha yoyote yenye wingu zaidi ya sehemu moja ya kumi."

"Imezitupa wapi?"

"Hazifutwi. Zipo tu, hazitumiki."

"Ngapi?"

Akahesabu. "Sabini na tatu."

"Sabini na tatu," Kiraka akarudia, kwa sauti ya mtu aliyeambiwa kuna gunia la vitambaa stoo.

*

Mkuu wa idara alikuwa mtu mwenye muhuri wake ndani ya kisanduku cha mbao, na kisanduku ndani ya droo yenye kufuli. Aliwasikiliza wote wawili wamesimama.

"Kamati haiji mara mbili," alisema. "Mna siku ishirini na moja. Mniletee nukta thelathini mpya, za bahati nasibu, si za dirishani, na ziwe sahihi kwa asilimia themanini na tano au zaidi. Pungufu ya hapo, ramani inatiwa saini kama ilivyo. Sasa hayo mawingu mtayafagia na ufagio gani?"

"Hatuyafagii, Mkuu," alisema Kiraka. "Tunayakata."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa mkasi."

Mkuu alimtazama Daktari. Daktari aliitazama dari.

Lakini Kiraka alimaanisha mkasi. Aliondoa vikombe kwenye meza ya kioo, akafuta michirizi ya chai ya miaka mingi, akatafuta waya, akauchomeka. Taa ikawaka, na watu waliokaa na meza hiyo miaka sita wakasogea kutazama. Kisha akachapa kipande kimoja kilekile cha Kanda ya Saba kutoka picha tisa tofauti za majira ya mvua. Kila moja ilikuwa na mawingu kama uji uliomwagika. Akakaa na mkasi wa mama yake, ule mzito wa chuma, akaanza kutoboa wingu hapa, wingu pale, na palipobaki tundu kwenye picha ya kwanza akapanga kipande kizima kutoka picha ya tatu, na pengo la tatu akaliziba kwa ya saba. Kufikia saa kumi jioni palikuwa na picha moja juu ya kioo, yenye makovu mengi lakini isiyo na wingu hata moja.

Ilikuwa imechapwa kwa zile rangi za bandia ambazo wasomaji wa picha huzitumia, ambamo jani lililo hai hutokea jekundu. Na ilikuwa nyekundu kutoka ukingo hadi ukingo.

Daktari aliinama mpaka pua ikakaribia kioo. "Kumbe hutafuti picha safi," alisema polepole. "Unatafuta mahali safi ndani ya kila picha chafu."

"Fundi hatupi gauni kwa sababu limechanika mkono."

"Hii naweza kuiandikia programu. Kila kijimraba cha picha, tunakitazama mara sabini na tatu, tunachukua siku ambayo hakikufunikwa."

"Andika basi. Vidole vyangu vimeumuka."

Aliandika siku mbili. Jaribio la kwanza lilikuwa kichekesho. Alikuwa ameiambia kompyuta kwamba mawingu ni meupe, kwa hiyo kila mahali ichague siku yenye giza zaidi, na kompyuta, kwa utii wake, ikamletea Kanda ya Saba yenye maziwa makubwa arobaini.

Kiraka alicheka mpaka akashika meza. "Umechimba mabwawa kuliko serikali."

"Sielewi ni nini."

"Vivuli, baba. Wingu na kivuli chake ni chanda na pete. Mimi nilipokuwa nakata wingu nilikuwa nakata na kivuli chake pembeni. Hukuniona?"

Hakuwa ameona. Alibadilisha agizo: kompyuta isichague giza, ichague siku ambayo kila kijimraba kilikuwa na ukijani kuliko siku zote. Asubuhi ya siku ya kumi picha ilitoka. Haikuwa na mawingu wala maziwa. Bonge la kahawia lilikuwa limepotea, na mahali pake palikuwa na msitu mwekundu, mpana, wenye mito iliyojichora ndani yake kama mishipa kwenye mkono. Barabara ilipita katikati na ukingo wake wa visiki, nyembamba kama mkwaruzo wa kucha.

"Nzuri," alisema Kiraka. "Sasa twende tukaone kama ni kweli."

"Unaenda wewe, mama? Ni kutembea kwa miguu."

"Nilishawahi kuusingizia kifo huo msitu. Nina deni la kuamkia."

*

Kompyuta ilichagua nukta thelathini kwa bahati nasibu, na bahati nasibu haina huruma na magoti. Nyingine zilikuwa saa nzima kutoka barabarani. Walikwenda watatu: Kiraka na kofia pana na daftari jipya, Daktari na jipiesi, Breki na kopo la dawa ya wadudu aliyojipaka mpaka akang'aa. Mvua za kwanza zilikuwa zimeshanyesha. Hesabu ilikuwa rahisi na kila mmoja aliijua kichwani: ili kufika asilimia themanini na tano walihitaji nukta ishirini na sita. Waliruhusiwa kukosea mara nne.

Siku ya kwanza walifika nukta kumi na wakakosa tatu. Moja ilikuwa mbuga ya majani marefu yenye tope ambayo kompyuta iliiita msitu. Mbili zilikuwa msitu ambao kompyuta iliuita mbuga. Walikula mkate garini, vioo vimefungwa.

"Tumebakiwa na kosa moja," alisema Daktari.

"Na mbung'o wote," alisema Breki.

Siku ya pili walitembea tangu alfajiri na zikaja sahihi nane mfululizo. Daktari akaanza kupiga mluzi. Nukta ya kumi na tisa waliitafuta katikati ya miti minene, jipiesi ikiwahesabia hatua, hatua arobaini, hatua ishirini, na ghafla miti ikaisha. Walisimama kwenye uwazi mpya. Visiki bado vilikuwa vinatoa utomvu mwekundu, na tanuri la mkaa lilikuwa la moto kwa ndani.

Daktari akageuka nyuma, akautazama msitu uliokuwa umewazunguka.

"Mama. Hapa palikuwa msitu mwezi uliopita."

"Naona."

"Kompyuta haikukosea, imechelewa tu. Na hiki kifaa chenyewe hukosea mita tano, mita kumi. Tukisogea hatua ishirini pale, tuko chini ya mninga. Hatudanganyi. Msitu upo, tunaujua upo."

Kiraka aliketi juu ya kisiki. Alikuwa amechoka, uso umevimba kwa kuumwa, na hakuna aliyeutaka msitu ule kwenye ramani kuliko yeye. Hatua ishirini. Breki alijifanya anakagua viatu vyake.

"Wale wa dirishani nao walijua wanachokijua," alisema Kiraka. "Nukta haisogezwi, Daktari. Tukiisogeza, tumepanda garini na kufunga vioo. Andika: si msitu."

Daktari aliandika. Mkono wake haukuwa na haraka tena. Makosa yote manne yalikuwa yameisha, na zilibaki nukta kumi na moja ambazo hazikuruhusiwa kukosa hata moja.

Ya ishirini ilikuwa msitu. Ya ishirini na moja msitu. Ya ishirini na mbili ilikuwa mwamba mtupu, na ramani ilisema mwamba mtupu, na Breki akausalimia ule mwamba kwa mikono miwili kama mkwe. Walilala kwenye kituo cha barabarani na siku ya tatu wakarudi. Ya ishirini na tano, ya ishirini na sita, ya ishirini na saba. Daktari hakupiga mluzi tena. Alikuwa anatembea mbele akimwinulia Kiraka matawi. Ya ishirini na tisa walifika saa nane mchana, na ilikuwa sawa.

Ya thelathini ilikuwa ng'ambo ya korongo lenye maji ya magotini.

"Mimi naona miti ng'ambo," alisema Breki. "Hata hapa naiona vizuri kabisa."

"Dirishani," alisema Kiraka, akavua viatu.

Daktari alimshika mkono upande mmoja, Breki upande wa pili akinung'unika, na mama wa miaka hamsini na tisa akavuka korongo gauni limekunjwa kiunoni. Walipanda ukingo. Jipiesi ikahesabu kumi, tano, mbili, ikalia. Walikuwa wamesimama chini ya mninga ambao watu watatu wasingeukumbatia, na juu yake ulining'inia mzinga wa gogo unaovuma.

Daktari alishika kalamu. "Niandike nini, mama?" aliuliza, ingawa uso wake wote ulikuwa umeshaandika.

"Andika unachokiona. Leo una ruhusa."

*

Kamati ilikuwa ya watu saba na chupa saba za maji. Mkuu wa idara alisoma takwimu kwa sauti ya kawaida, asilimia themanini na sita na sehemu saba, kisha akainua macho juu ya karatasi, akaisoma tena kana kwamba kuna mtu alikuwa hajasikia. Mwanakamati mmoja, mtu wa mambo ya mashamba makubwa, aliuliza iweje eneo lililokuwa limechakaa mwezi uliopita liwe msitu mwezi huu.

"Halikubadilika," alisema Daktari. "Tulikuwa tumelipiga picha likiwa linaoga."

Chumba kikacheka, na yule mwanakamati akajikuta anacheka pia. Akauliza mawingu yaliondolewa kwa njia gani. Daktari alifungua mdomo aanze mhadhara, akaufunga. Akageuka kwenye viti vya ukutani walikokaa watumishi.

"Muulizeni Mama Kiraka. Mimi nilimshikia mkasi tu."

Kiraka akasimama, akaeleza kwa dakika sita, bila neno moja gumu. Alipomaliza, Mkuu alifungua kisanduku cha mbao. Muhuri uligonga meza mpaka chupa zikatikisika.

Msitu wa Kanda ya Saba upo kwenye ramani. Rangi yake aliichagua Kiraka mwenyewe, kijani chenye ukahawia kidogo ndani yake, ili anayeitazama akumbuke kwamba kuna miezi hauvai. Katika maelezo madogo pembeni imeandikwa kwamba picha za majira ya mvua ziliunganishwa "kwa njia ya viraka", na sasa wataalamu wapya wanaoingia idarani hufundishwa njia hiyo wiki yao ya kwanza. Kuna na sheria ya pili, haijaandikwa popote: Breki haondoi gari mpaka kila mtu ameonyesha viatu vya kutembelea. Vikombe vya chai vimehamishiwa dirishani.

Siku ya kustaafu alipewa nakala ya kwanza, imekunjwa kwenye bomba. Alipofika nyumbani aliitandaza juu ya meza ya kukatia nguo, mbele ya mama yake, ambaye ana miaka themanini na mitatu na anatunga uzi kwenye sindano kwa kioo cha kukuzia.

"Mashariki ni picha safi, mama. Huku magharibi ni viraka. Picha sabini na tatu."

Bibi kizee aliinama na kioo chake. Alianza kaskazini akashuka, kidole kinatambaa juu ya karatasi kama kinachopapasa pindo. Dakika zikapita. Alivuka mito, akafuata barabara, akaingia msituni. Kidole kikasimama.

"Hapa umevuta uzi."

Kiraka akavaa miwani. Ilikuwepo kweli: michirizi miwili hafifu, mahali picha moja ilipokutana na nyingine na kijani hakikulingana. Daktari hakuwa ameiona, wala Mkuu, wala wanakamati saba. Aliitazama, akaanza kucheka, na alicheka mpaka machozi yakatoka.

Mama yake alisubiri kicheko kiishe. Akainyanyua ramani kwa ncha mbili, akaipeleka kwenye mwanga wa mlango, akaigeuza huku na huku. Akaishusha mezani, akailainisha kwa kiganja.

"Lakini inavalika," alisema.